Mjomba Asiye Mjomba: Njombe, Makambako na Uhalifu Usio na Maiti

Riwaya yetu ya upelelezi ilizaliwa na maiti mlangoni. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la 1957–58, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Tangu hapo msomaji wa Kiswahili akazoea utaratibu: mtu kauawa, watu wanatazamana kwa mashaka, Bwana Msa anawasha kiko chake, na mwishoni tunaambiwa nani kafanya nini. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatuletea Simu ya Kifo, maiti zikahamia Dar es Salaam. Miaka ya 1970 Elvis Musiba akampa Willy Gamba bastola na bara zima la kukimbilia, kuanzia Kufa na Kupona (1974). Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango wake.

Mimi nimelelewa na vitabu hivyo, na ninaandika vya aina hiyo hiyo. Naandika usiku, baada ya kazi inayonilipa kodi ya nyumba. Nachapisha nakala chache kwa fedha yangu, nyingine nawauzia wasomaji sehemu kwa sehemu kwenye simu. Wasomaji hao nawapenda, ila hawana subira. Sehemu ya pili ikiisha bila mtu kufa, ujumbe unaanza kuingia: "Kaka, mbona kimya? Bastola iko wapi?"

Sasa nina mswada unaoanzia Makambako, na hapo ndipo kazi ilipo. Uhalifu ninaotaka kuuandika hauna maiti wala bastola. Hakuna anayekimbia usiku kwenye vichochoro. Kuna mgeni mwenye zawadi ya sukari na sabuni, kuna mama anayemkaribisha kwa furaha, na kuna binti wa miaka 13 anayepanda basi akiwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote. Kila mtu katika picha hiyo anatabasamu. Ni usafirishaji haramu wa binadamu, lakini ukiutazama kwa macho ya kawaida utadhani ni ukarimu.

Kwa hiyo nimelazimika kufanya ambacho Bwana Msa angefanya: kurudi nyuma na kuuliza mambo yalianza vipi. Na jibu nililolipata limenifanya niamini kwamba riwaya yetu ya upelelezi, pamoja na ustadi wake wote, imezoea kuvunja milango iliyofungwa. Njombe inatudai tuutazame mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Kwa asiyepajua, Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, na hapo hapo inachepuka ile ya kusini, inayopanda kwenda Njombe, kilomita 60 hivi, kisha Songea. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 na inayofika New Kapiri Mposhi nchini Zambia, nayo ina stesheni hapo. Upepo wa Makambako si wa mchezo, na baridi ya Njombe inajulikana nchi nzima. Mahindi, viazi mviringo, mbao, chai, na siku hizi parachichi, vyote vinashuka kupitia njia panda hii kwenda kulisha na kujenga miji mingine. Watu nao wanashuka kwa njia hiyo hiyo. Na watu walianza kushushwa kutoka nyanda hizi zamani, kabla ya lami na kabla ya reli.

Katika karne ya 19, nyanda za juu za kusini zilikuwa nchi ya vita na uvamizi. Wangoni walishambulia, Wahehe walipanua himaya yao, Wabena walipigana na wote wawili, na kila vita ilikuwa na mateka. Wengine walibaki katika boma la mshindi, wengine waliuzwa kwa misafara iliyoelekea pwani, na Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkubwa wa kutokea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, lakini kufunga soko la pwani hakukumaanisha kwamba bara biashara ilikoma. Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Waliuwekea masharti na kuacha ufifie wenyewe. Sheria iliyoupiga marufuku Tanganyika nzima ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya shule havikutuambia vizuri. Picha tuliyopewa ya utumwa ni mnyororo shingoni na mtu mgeni mwenye mjeledi. Picha hiyo ni ya kweli, ila si picha yote. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyeishi upande wa Rungwe na Mbeya, aliandika masimulizi ya wanawake waliopitia utumwa katika ukanda ulio kati ya ziwa Nyasa na Tanganyika. Mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya na kuyachambua masimulizi ya namna hiyo katika kitabu chake cha 1993. Ukiyasoma unaona kwamba msichana angeweza kutoka mkono hadi mkono bila msafara wowote kuonekana. Alitolewa kulipa fidia. Aliwekwa rehani kwa deni. Aliolewa na mtu kwa sababu ndoa ndiyo ilikuwa kinga pekee iliyopatikana. Mara nyingine waliomtoa walikuwa watu waliopaswa kumlinda.

Kwa mwandishi wa upelelezi, huo ni ushahidi wa kwanza. Tangu mwanzo mhalifu hakuwa lazima mtu baki.

Wakaja wakoloni na mashine nyingine: kodi. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Lengo la kodi halikuwa mapato tu. Mtu asiye na rupia ilibidi azitafute, na rupia zilikuwa kwenye mashamba ya wazungu. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1893, Dk. Richard Hindorf alikuwa ameingiza mkonge nchini. Inasimuliwa kwamba katika miche 1,000 aliyoagiza, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga na Morogoro, na mashamba hayo yalitaka watu kwa maelfu. Watu wangetoka wapi? Watawala walitazama ramani, wakaona kwamba nchi za mbali na reli, zisizo na zao kubwa la biashara, ndizo zinazofaa kuwa ghala la vibarua. Njombe ikawa mojawapo.

Baada ya Vita vya Majimaji, ambavyo mwaka 1905 vilifika mpaka misheni ya Yakobi karibu na Njombe, na njaa iliyofuata, hapakuwa na nguvu ya kukataa kwa silaha. Watu walikataa kwa njia nyingine, au walikwenda. Walikwenda kwa miguu, kisha kwa malori. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, na Japani ilipoyateka maeneo ya Asia yaliyokuwa yakitoa nyuzi na mpira, mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Serikali ikaanza kuchukua watu kwa lazima kwenda mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU. Wazee wengi wa kusini walilijua jina hilo kama wanavyojua jina la kijiji chao.

Ukienda SILABU ulipewa mkataba. Ulisafirishwa, ulipewa namba, na kwa sababu ya namba hiyo ukaitwa manamba. Ulipewa kipande, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi, na hukulipwa mpaka nafasi zote 30 zijae. Siku usipomaliza kazi uliyopimiwa, haikuhesabiwa. Mwezi wa manamba ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na mtu angeweza kukaa mashambani miaka akisubiri kuwa na fedha ya kurudia nyumbani. Wapo ambao hawakurudi kabisa. Ukienda Tanga leo utakuta wajukuu wao. Majina yao ni ya kusini, Kiswahili chao ni cha Tanga.

Sisemi kwamba manamba alikuwa mtumwa. Alisaini, mara nyingi alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, na wengine walikwenda kwa sababu zao: kutafuta mahari, kununua baiskeli, kumkimbia jumbe mkali. Historia ni ya kweli pale tu inapowaacha watu wawe na akili zao. Ila naomba uweke pembeni kitu kimoja, tutakirudia: manamba alikuwa na namba. Jina lake liliandikwa mahali. Kulikuwa na kitabu ambacho mtu angekifungua na kuuliza, "Huyu yuko wapi?"

Wanaume walipokwenda, nyumbani walibaki nani? Mwanahistoria James Giblin, akishirikiana na Blandina Kaduma Giblin, alichapisha mwaka 2005 kitabu kizima kuhusu Njombe, A History of the Excluded. Hoja yake kuu ni kwamba watu wa Njombe walijiona wametengwa na dola ya kikoloni. Dola iliwataka kwa kodi na kwa kazi, haikuwataka kwa jambo lingine. Basi wakaifanya familia kuwa kimbilio. Huko ndiko kulikokuwa na msaada, ada ya shule, mbegu ya kupanda, mahali pa kulala mjini, habari za kazi. Serikali ilikuja kuchukua. Ndugu alikuja kusaidia.

Nilipoisoma hoja hiyo niliweka kitabu chini, nikakaa muda. Ndipo nilipoelewa kwa nini yule mgeni wa mswada wangu hahitaji kuvunja mlango.

Kimbilio lina mlango, na mlango huo haufungwi kwa ndugu. Vizazi vitatu vilijifunza, kwa uchungu, kwamba anayekuja na karatasi na lori ni wa kuogopwa, na anayekuja na salamu za ukoo ni wa kuaminiwa. Somo hilo liliwaokoa wengi. Leo mtu anayetaka kumtoa mtoto kijijini analijua somo hilo kama wao. Hatakuja na karatasi. Atakuja na salamu.

Katika mswada wangu anakuja hivi:

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Karibu ndani, baridi hiyo. Habari za mjini?"

"Za mjini njema, mama. Nimepita tu kuwaona. Mimi ni wa kwa marehemu mjomba, upande wa Makambako. Na huyu ndiye yule kitindamimba? Jamani, amekua! Shule vipi?"

"Shule ndiyo hivyo. Kamaliza la saba, yupo tu."

"Yupo tu? Mama, binti kama huyu akae tu? Kuna mama mmoja Dar, mtu wa kanisani, ana mtoto mdogo. Atamsaidia kidogo pale nyumbani, na yule mama atamwanzishia cherehani."

Hakuna neno baya hata moja katika mazungumzo hayo. Yote ni maneno ambayo ndugu wa kweli pia angeyasema. Na ndugu wa kweli wanayasema, kila siku, kwa nia njema. Nusu ya tunaosoma makala hii tulilelewa na shangazi, au na mjomba aliyetutoa kijijini tusome. Kumpeleka mtoto kwa ndugu si uhalifu. Kwetu ni njia ya zamani ya kugawana mzigo na bahati. Ndiyo maana usafirishaji huu ni mgumu kuukamata na mgumu kuuandika. Umevaa nguo zetu wenyewe.

Njombe ina sababu yake ya ziada. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Utafiti wa 2016–17 ukakuta asilimia 11.4, bado juu ya wote. Dawa zimeokoa maisha ya wengi, na hilo lisemwe wazi. Lakini kabla ya dawa kufika, kizazi kizima cha wazazi kilipungua. Watoto walibaki kwa bibi. Bibi ana miaka 70, ana wajukuu watano, na anakuja mtu anasema anaweza kumpunguzia mmoja. Wewe ungemjibu nini?

Basi binti anapanda gari. Mjini tunamwita dada wa kazi, hausigeli, au kwa mzaha wetu wa kijinga, beki tatu. Iringa na Njombe zina sifa katika soko hilo, na sifa hiyo tunaitaja kama pongezi: "wasichana wa huko wachapakazi." Nikilisikia neno hilo huwa naikumbuka ile ramani ya ghala la vibarua. Mtawala wa kikoloni naye alikuwa na orodha yake ya makabila yenye bidii.

Kuna wanaofika kwa watu wema, wakalipwa, wakasoma, wakajenga kwao. Wapo wengi. Na kuna wanaofika na kukuta mshahara "unatunzwa", simu imechukuliwa, cherehani haipo, na mlango wa geti una ufunguo mmoja ambao si wake. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimpangia mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida shilingi 40,000 kwa mwezi, kima cha chini. Kwa binti aliyeambiwa yuko "kama mtoto wa nyumbani", hata kiasi hicho kilikuwa ndoto. Neno ndugu linafanya kazi mara ya pili: mara ya kwanza lilimtoa kwao, mara ya pili linamnyima mshahara. Nani anamlipa mtoto wake?

Hapo ndipo ile namba inaporudi. Manamba alikuwa na mkataba, kipande na rejista. Binti huyu hana hata namba. Akipotea, hakuna kitabu cha kufungua. Bibi atakwenda ofisini kusema nini? Kwamba mjukuu wake alichukuliwa na mtu wa kwa marehemu mjomba?

Sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ilipitishwa mwaka 2008, miaka miwili baada ya Tanzania kuridhia itifaki ya kimataifa ya Palermo. Haihitaji mnyororo wala mpaka wa nchi kuvukwa. Kumpata mtu, kumsafirisha au kumpokea kwa udanganyifu au kwa kutumia unyonge wake, ili anyonywe, kunatosha. Na akiwa mtoto, ridhaa yake haihesabiki. Yule binti anaweza kuwa alishangilia safari, sheria inasema furaha yake si utetezi wa aliyempeleka. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Awali hakimu aliweza kumtoza mkosaji faini badala ya kumfunga. Marekebisho ya 2022 yakaiziba njia hiyo. Kwenye karatasi tuna silaha za kutosha. Kinachokosekana ni mlalamikaji. Nani atamshitaki mtu aliyemwita mwanangu?

Njia panda ile ile ina safari nyingine, na naitaja kwa sababu wasomaji wangu wataiuliza. Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia wamekuwa wakipitishwa Tanzania kwenda Afrika Kusini, wamefichwa kwenye malori. Juni 2012 miili ya zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini Kongwa, Dodoma, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, lilifunguliwa kontena lililotoka Malawi, na ndani yake walikuwamo watu 64 waliokufa na 14 walio hai. Huo ni uhalifu ambao riwaya yetu inaujua. Una maiti, una mpaka, una wageni, una polisi na tochi. Naweza kuuandika kesho na kitabu kikauzika.

Lakini tazama jinsi unavyotupa nafasi ya kupumua. Waliokufa ni wageni, waliowaua ni genge, lori linapita tu. Msomaji anafunga kitabu akiwa na huzuni safi. Ile safari nyingine, ya basi la asubuhi, haimpi nafasi hiyo, kwa sababu inaishia jikoni kwake.

Fasihi yetu imewahi kuukaribia ukweli huu, ila si kwa mkono wa wapelelezi. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), alimwonyesha Maimuna, binti wa kigogo aliyefungiwa ndani, akitoka nyumbani kwao kwa msaada wa Biti Kocho, mwanamke aliyeaminika ndani ya nyumba ile ile, na safari yake ikamfikisha kwenye danguro. Abdulrazak Gurnah, katika Paradise ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, alimpandisha Yusuf kwenye treni akiwa na tajiri anayemwita ami. Baadaye tu, dukani pwani, kijana mwenzake anamfungua macho: yule si ami yake. Baba yake ana deni, na yeye Yusuf ni rehani.

Mimi naisoma Peponi kama riwaya ya upelelezi. Ina uhalifu, ina siri, ina ufunuo. Ila siri inayofunuliwa ni maana ya neno moja la ukoo. Gurnah hakuhitaji maiti. Alihitaji mtoto atambue kwamba neno alilolitumia kwa heshima lilikuwa hati ya mauzo.

Nikajiuliza: mpelelezi wa namna hiyo anafanya kazi vipi? Willy Gamba anafuata nyayo, anajua kupigana. Huyu wangu itabidi ajue kusikiliza salamu. Nimemwandikia maswali matatu, na ni maswali ambayo mtu yeyote anaweza kuyauliza bila kitambulisho cha polisi. Mshahara wa binti unashikwa na nani? Akitaka kuongea na bibi yake leo jioni, anaomba ruhusa kwa nani? Na nauli ya kurudi Makambako, iko mfukoni kwa nani? Shangazi wa kweli anayajibu bila kukasirika. Asiye wa kweli anauliza, "Kwani wewe ni nani?"

Kuna swali la nne, na hilo ni la kwangu mimi mwandishi. Habari za mabinti hawa zinauzika. Jalada lenye msichana analia lingenitoa kimaisha. Lakini mtu anayekwenda kijijini, anapokelewa kwa Kamwene, anachukua habari ya mtoto, anaisafirisha mjini na kuiuza, naye anatakiwa ajitazame kwenye kioo. Kwa hiyo nimejiwekea masharti. Sichukui kisa cha binti mmoja nikakibadilisha jina. Siandiki kitanda. Mateso yake msomaji atayajua kwa vitu vidogo: mswaki uliowekwa peke yake nje ya bafu, sahani isiyochanganywa na nyingine, jinsi anavyojua nyayo za kila mtu kabla mlango haujafunguliwa. Na lazima awe na akili. Awe anacheka. Awe na mpango wake. Masimulizi ya Kootz-Kretschmer yananifundisha hilo: wanawake wale hawakukaa kusubiri kuokolewa. Walihesabu, walichagua nani wa kumkimbilia, na wakati mwingine walichagua vibaya, lakini walichagua.

Mchapishaji mmoja aliusoma muhtasari akaniambia ni kitabu kizuri ila hakina adui. Nimemwelewa. Msomaji wa upelelezi anataka uso wa kuuchukia, na mimi nilikuwa na nyuso nne zisizotosha: bibi aliyechoka, konda aliyekata tiketi bila kuuliza, mgeni aliyelipwa nauli na kitu kidogo juu yake, mama wa mjini anayewahi kazini.

Ila huyo wa mwisho amebadilisha kitabu changu. Nimeiondoa sura ya kwanza kutoka Makambako. Sasa inaanzia Dar es Salaam, sebuleni, Jumapili mchana. Mwanamke mwema, mwenye mtoto wa miezi mitatu na likizo inayokwisha, anashika simu: "Dada yangu, nitafutie binti basi. Awe wa huko huko kwenu. Na asiwe mkubwa sana, wakubwa wanasumbua." Mume wake yuko kwenye kochi, anatazama mpira. Ni ofisa wa upelelezi, mtu mwadilifu, mpokea rushwa hajawahi kuwa. Anaisikia simu yote na haisikii.

Miezi minne baadaye, katika sura ya sita, litaletwa mezani kwake jalada la bibi mmoja wa Njombe anayemtafuta mjukuu wake. Atalisoma usiku kwa makini sana, akiwa nyumbani, huku akila ugali uliosongwa vizuri na kuletewa mezani na mtu ambaye hajawahi kumuuliza jina la ukoo.